Kioo cha Maman Kimejaa

Kamembe, tarehe 18 Desemba 2012

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya wangu Sultani,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta kikohozi kimeisha, na kwamba mwenzako wa chumba amejifunza kupika kitu kingine zaidi ya maharage. Sisi hapa tuko wazima. Papa mgongo unamsumbua akiamka, lakini akishakaa kwenye cherehani anausahau mpaka mtu amwulize. Maman anavuka daraja kwenda Bukavu, Kongo, kuuza mchele wake kila siku, isipokuwa Ijumaa. Hiyo Ijumaa iweke akilini, nitairudia. Mama Clarisse jirani anakusalimia na anauliza arusi yako na Umutoni ni lini, kana kwamba ni yeye atakayeolewa.

Najua utashangaa kuona bahasha kutoka kwangu wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumbani unaijua, Yaya. Ukipiga, Maman anafungua spika, Papa anasimamisha cherehani, Mama Clarisse anaingia bila hodi, na mimi nikipewa zamu nasema "ndiyo, Yaya" na "sawa, Yaya", basi. Kwenye karatasi nina mdomo. Kwa hiyo kaa mahali peke yako ndipo usome, na usisome haraka.

Ulipokuja Idi ya kuchinja ulinipa kazi. Ulisema laptopu imekaribia kujaa, na wewe hujaweka kitu tangu uende Kigali. Ulisema nitafute kinachoijaza, na nikishindwa niipeleke kwa Rutayisire pale kituo cha mabasi aifute yote, maana Januari shemeji Umutoni anaihitaji shuleni ikiwa safi. Nilisema "sawa, Yaya". Sasa nakupa majibu.

Mtu wa kwanza niliyemshuku ni wewe. Filamu zako za karate ziko nyingi, na kila moja watu wanapigana mule mule mwanzo hadi mwisho. Lakini zilikuwemo tangu zamani na mashine ilikuwa inapumua. Nikamshuku Parfait wa Mama Clarisse, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakuja na flashi yake kuweka nyimbo za Kilingala. Nilichukua muda kupata ujasiri wa kumwuliza. Akacheka akasema, "Nasiba, wimbo moja iko kidogo kama mbegu ya lengalenga. Ungejaza gunia na mbegu ya lengalenga?" Mbegu ya mchicha ni kama vumbi, nikaona ana haki. Nikaweka dawa ya virusi, ikatafuta asubuhi nzima, ikasema hakuna ugonjwa. Nikamwaga kapu la takataka. Likarudisha nafasi kidogo, na baada ya siku chache ikawa inapungua tena.

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniwasha, Yaya. Kitu kinachojaa bila mtu kukijaza! Nilikuwa nafanya mitihani ya tronc commun, ya kumaliza miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, na katikati ya hesabu nilikuwa nafikiria laptopu.

Nilipomaliza mitihani nilikwenda kwa Rutayisire. Nilisimama mbele ya kibanda chake nimekumbatia mashine, nikishindwa kuanza, mpaka yeye mwenyewe akaniambia, "Dada, umekuja kutengenezesha ao umekuja kunihesabia wateja?" Watu wakacheka. Nikamweleza kwa maneno matatu. Akaifungua, akaguna, akasema imekula lakini hajui imekula nini, na dawa ni kuifuta yote ianze upya. Niliona ni kama daktari anayetibu tumbo kwa kumzika mgonjwa. Nikasema nitarudi. Nilitaka kujua kwanza.

Basi nikaanza kuichunguza kama watu wanavyochunguza mgonjwa. Kila jioni nilikuwa naangalia nafasi iliyobaki. Siku nyingi ilipungua, na siku nyingine haikupungua hata chembe. Ijumaa, hakuna. Halafu ikaja ile wiki ya Goma. Unakumbuka ilivyokuwa. Redio ilisema mji umechukuliwa na waasi, Bukavu wanafunzi wakawasha matairi barabarani, na Papa akamkataza Maman kuvuka. Tulikaa ndani tukisikiliza habari, Papa akisema kila saa, "Vita hii iko inanenepa." Na mimi nikaangalia mashine: wiki ile nzima haikunenepa hata kidogo. Maman aliporudi kuvuka, mashine nayo ikarudi kula.

Niliketi kitandani nikashika kichwa. Laptopu ilikuwa inajaa siku ambazo Maman anavuka daraja! Maman, ambaye anaita kibodi "meno yake"!

Nikarudi kwenye mashine, nikaiambia inipangie mafaili kuanzia makubwa. Unajua inaongea Kifaransa kwa kuwa ulinunua Bukavu. Mimi nawe tulianza shule kwa Kifaransa, lakini mimi walinigeuzia Kiingereza nikiwa bado shule ya primaire, kwa hiyo Kifaransa changu kimebaki kama viti vya sebuleni ambavyo hakuna anayevikalia. Niliparangana hivyo hivyo. Mwishowe nikafika kwenye folda ambayo programu ya kamera ilijitengenezea yenyewe, imejificha mbali na folda ya video. Ndani yake kulikuwa na video nyingi hata sikufika chini haraka. Zote za asubuhi. Siku hiyo Papa alikuwa amekwenda dukani kwake kushona, Maman alikuwa amevuka. Nikafungua moja.

Niliona dari yetu. Kisha paji la uso. Kisha uso wote wa Maman, karibu sana, ana pini mdomoni, anafunga kitambaa chake cha njano.

Yaya, kosa ni lako! Kioo cha kabati kilivunjika katika lile tetemeko la 2008, na tangu hapo Maman alikuwa anajitazama kwenye kipande kilichobaki, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Ulipoleta laptopu ulimwita umwonyeshe uso wake kwenye kamera. Ukabonyeza kile kiduara chekundu umrekodi mcheke. Mlicheka, ukaenda zako. Yeye akashika hivi: unafungua, unabonyeza picha ya jicho, unabonyeza nyekundu, kioo kinawaka. Ukimaliza unabonyeza nyekundu tena, kioo kinazimika. Tangu wakati ule, kila asubuhi ya kuvuka, Maman anawasha kioo chake.

Nilicheka hadi nikaogopa Mama Clarisse atasikia. Nilikuwa nimetafuta virusi, kumbe ni Maman! Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, niliendelea. Hapa nikiri kwako: sikuangalia moja wala mbili. Niliangalia siku baada ya siku, kila walipotoka nyumbani. Nilijua si vizuri, ni kama kuchungulia mtu akioga, ingawa alikuwa amevaa vizuri kuliko sisi sote. Lakini Maman peke yake ni mtu mwingine, Yaya. Anaimba. Anatoa ulimi. Anajizoeza kupatana bei na yule mteja wake wa soko la Kadutu, Mama Nzigire, akifanya sauti zote mbili: "Aa, Mama Nzigire, utaniua na batoto yangu! Muchele ya Bugarama haiko majani!" Halafu anajijibu kwa sauti ya puani kama Mama Nzigire mwenyewe, anajipunguzia bei, anakataa, anajikasirikia. Nilifurahi sana. Nilidhani nimemaliza upelelezi wangu.

Halafu katika video moja, kitambaa kikiwa tayari, akaacha kuimba. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani kwenye macho yake mwenyewe, na akasema, "Nasiba, kaa hapa kidogo. Kuna neno." Akangoja. Akatikisa kichwa, akazima.

Nilishtuka kama aliyeitwa kweli. Nilifikiri nimekosea jambo. Nikafungua ya kesho yake: bei ya mchele, wimbo, na mwisho, "Nasiba, kaa hapa kidogo." Nyingine vivyo hivyo. Siku moja alisema kwa ukali, siku nyingine kwa kubembeleza, siku nyingine kwa kucheka cheko la uongo. Kila mara alifika hapo akakwama. Hapo sikuweza tena kuacha. Nilitaka kujua neno lenyewe ni nini, na nilitaka nisijue.

Neno lilikuwa katika video ya asubuhi ya baada ya mtihani wangu wa mwisho. Nadhani wewe unalijua, Yaya, kwa sababu alikutaja.

Alisema mwaka wa 1996, kambi za wakimbizi za ng'ambo zilipovunjika, watu walikuwa wanavuka Rusizi kurudi huku, mvua inanyesha, barabara imejaa kutoka darajani hadi juu. Yeye alikuwa amesimama kando na beseni la viazi vya kuchemsha, na wewe, mtoto wa miaka minane, umeshika pindo la pagne yake ya kitenge. Akaja mwanamke kijana, miguu imevimba, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amemwacha mtoto wake mkubwa ng'ambo na bibi yao aliyeshindwa kutembea, na alitaka kurudi kuwachukua. Kwenda kinyume na umati ule na kichanga mgongoni hakukuwezekana. Akafungua nguo ya kubebea, akampa Maman mtoto, akasema, "Nishikie kidogo." Maman akamwuliza, utanionaje katika watu hawa wote? Mwanamke akamtazama kichwani, akasema atamjua kwa kitambaa cha njano. Akashuka kuelekea darajani. Mvua ilikuwa kubwa.

Maman alirudi pale kesho yake, na siku zilizofuata, kitambaa kile kile, kimefungwa vile vile, fundo upande wa kushoto. Januari ilipoingia Papa akamwambia mtoto lazima aandikwe. Ndiyo maana kwenye karatasi nimezaliwa tarehe moja Januari. Unakumbuka nilivyokuwa nacheka kwamba nusu ya darasa letu wamezaliwa siku hiyo? Yangu ni siku ambayo Maman aliacha kungoja kando ya daraja. Akaanza kuvuka mwenyewe kwenda kutafuta. Mchele ulikuja baadaye, ili asivuke mikono mitupu.

Mwishoni alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Sikukuzaa, Nasiba. Niliambiwa nikushike kidogo. Niko nakushika bado. Kila asubuhi nafunga hii kitambaa vizuri ili anione. Na kila asubuhi naomba Mungu ule mama asinione. Yote mbili, na moyo moja. Anisamehe." Akatoa pini mdomoni, akaichomeka, akazima kioo.

Sikulia, Yaya. Nilikwenda nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Nilifikiria kile kitambaa. Shuleni walikuwa wanamwita Kanari, yule ndege wa njano, na mimi nilikuwa napenda atembee mbele kidogo. Papa alikuwa amekishona upya mara ngapi kwa nguo ya rangi ile ile, na mimi nilidhani ni ubahili.

Siku zilizofuata sikuweza kumtazama Maman machoni. Aliniuliza kama ni malaria. Nilikuwa na neno nami, na mimi sina hata kioo cha kujizoezea. Na juu ya hayo, wewe ulipiga simu ukauliza, mbele ya spika na Mama Clarisse, kama nimeshapeleka laptopu kwa Rutayisire. Nikasema "kesho, Yaya". Nilikuwa najua kwamba nikiipeleka, lile neno litafutwa, na pengine Maman hatalipata tena mdomoni. Na nisipoipeleka, nitalazimika kusema kwa nini.

Asubuhi ya jana nilikuwa uani nawasha moto. Nikasikia, "Nasiba! Kuya kwanza! Kioo imekataa!"

Niliingia. Maman amekaa kitandani, kitambaa kimefika nusu, pini mdomoni, na mbele yake mashine imeandika maneno ya Kifaransa kwenye kisanduku. Akaniuliza iko inasema nini. Nikamwambia inasema hakuna nafasi, imejaa. Akasema, "Kioo inajaa namna gani? Imejaa nini?"

Ningeweza kumwambia ni filamu za Sultani, Yaya. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilisikia mdomo wangu, huu huu usiojua kusema na watu, unasema, "Imejaa wewe, Maman."

Hakuelewa. Basi nilikaa karibu yake nikafungua folda, nikamwonyesha ile ya Mama Nzigire. Kwanza alicheka, akaweka mkono mdomoni, akaniuliza huyu mwenda wazimu ni nani. Kisha akaona video zinavyoshuka, nyingi, na nyuso zake ndogo ndogo za njano zimejipanga. Cheko likaisha. Aliniuliza taratibu kama sauti nayo huingia. Nikasema inaingia. Akaniuliza kama yote. Nikasema yote.

Aliondoa pini mdomoni. Nje Parfait alikuwa anapiga filimbi wimbo wake, na moto wangu ulikuwa unazimika, nilisikia harufu ya moshi. Kisha Maman akapiga kitanda kwa kiganja, pale pale nilipokuwa tayari nimekaa, akasema:

"Nasiba, kaa hapa kidogo. Kuna neno."

Akaniambia yote, Yaya, mwanzo hadi mwisho, kana kwamba sijawahi kusikia. Nami nilisikiliza kana kwamba sijawahi kusikia. Alichanganya mambo, akarudi nyuma, hakusema vizuri kama kwenye video. Alilia pale ambapo kwenye video hakulia. Alipofika kwenye maombi yake mawili, la kuonwa na la kutoonwa, alisimama, akaniuliza kama namchukia. Nikatikisa kichwa. Nilitaka kumwambia mengi, lakini unanijua. Nikachukua pini mkononi mwake nikammalizia kitambaa, fundo upande wa kushoto. Hakuvuka jana. Haikuwa Ijumaa na hakuvuka.

Papa aliporudi alituona tumekaa, akamtazama Maman, akajua. Alikwenda kwenye sanduku la vitambaa, akatoa ile nguo ya njano anayoitunza, akanipima kichwa kwa futi yake ya shingoni kama mteja. Kipande kimeshakatwa, bado kupindwa. Januari nitafikisha miaka kumi na sita ya karatasi, nitapigwa picha ya kitambulisho, na kwa kitambulisho nitapata jeto, kile kibali cha kuvukia mpaka. Siku zote nilizo likizo nitavuka na Maman. Vitambaa viwili vya njano vinaonekana mbali zaidi ya kimoja. Nilimwuliza Maman kama ni vibaya kwamba mimi mwenyewe sijui nataka yule mama anione au asinione. Akasema si vibaya, na kwamba nitazoea kuishi na hilo swali, kama yeye.

Sasa maombi yangu kwako, na hii ndiyo sababu ya bahasha. Maman anakumbuka miguu iliyovimba na mikono iliyofungua nguo, lakini uso umemtoka. Anasema alikuwa anamtazama mtoto. Wewe ulikuwa mdogo, umesimama chini, ukiangalia juu. Pengine uliuona uso wake. Sikulaumu kwa kunyamaza, Maman amesema alikuapisha, na mtoto wa miaka minane aliyetunza siri mpaka akafuga ndevu ni wa kuheshimiwa. Lakini sasa kiapo kimefunguliwa. Kama unakumbuka chochote, mrefu au mfupi, pengo la jino, sauti, jinsi alivyotembea akishuka, niandikie. Usiseme kwenye simu. Kama hukumbuki kitu, niandikie hivyo pia. Nitakuamini.

Kuhusu laptopu: haitakwenda kwa Rutayisire, na shemeji Umutoni naomba anisamehe, haitakuja kwake. Mnunulie nyingine mkifika kwenye arusi. Na usikasirike, Yaya, nimefuta filamu zako za karate, zote. Kioo kilihitaji nafasi. Leo asubuhi kimewaka, Maman amejifunga mbele yake, na nilipotaka kumwonyesha jinsi ya kujitazama bila kubonyeza nyekundu, amesema niache, amezoea hivi.

Papa anakusalimia na anasema suruali zako ziko tayari. Maman anasema ule, na anasema anajua nimekuandikia nini, na hana hasira. Msalimie shemeji. Funika kifua, baridi ya Kigali si ya kuchezea. Naikunja barua hii niwahi basi la mchana kabla halijaondoka, maana dereva hapokei bahasha ya mtu anayekuja mbio.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado ameshikwa,

Nasiba